Kilichopiga Sikioni mwa Kidoti

Ilikuwa asubuhi kama nyingine. Dada mtu, fundi cherehani asiyejua kumung'unya maneno, alikuwa anapinda sketi za shule. Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kidoti, alikuwa anashonea vifungo. Mara Kidoti akaziba sikio la kushoto.

"Dada, zima hiyo cherehani."

"Nimezima zamani. Huoni nimesimama?"

"Basi kuna kitu kinapiga. Humu ndani. Du-du, du-du."

"Njaa hiyo. Imepanda mpaka masikioni."

Wakacheka. Kidoti alikuwa hajacheka tangu amzike binti yake mwaka uliopita, kichanga cha miezi minne waliyemwita Kifungo kwa udogo wake. Kwa hiyo dada mtu hakuijali ile sauti. Alikifurahia kile kicheko.

Sauti haikukoma. Kidoti akawa analalia ubavu wa kushoto tu, sikio limezama kwenye mto, akisikiliza. Mtaani wakasema karogwa. Mama mkwe wa Kidoti akaja kusema waziwazi: mtoto anabisha hodi, mwacheni mama yake amsikie. Dada mtu alimtoa mlangoni, mkasi mkononi.

"Uchawi wako rudi nao kwako! Huyu anakwenda hospitali."

Kwenye zahanati ya kwanza waliona kitu chekundu ndani ya sikio, wakadhani nta, wakakigusa kwa koleo. Damu iliruka mpaka begani. Kidoti akapiga ukelele.

Njiani, pamba sikioni, alinong'ona, "Dada, kililia kabla yangu."

Hospitali kubwa walikuta daktari wa masikio, mtu mzima, mpole. Aliwaeleza taratibu. Nyuma ya kiwambo cha sikio kumeota uvimbe wa mishipa ya damu, mdogo kama punje ya kunde. Ni nadra sana. Mara nyingi si saratani, lakini ukiachwa unakula mfupa, unaziba sikio, unapoozesha uso, na mwisho unauelekea ubongo.

"Unachosikia ni damu yako mwenyewe," alisema. "Moyo ukipiga, nao unapiga. Ngoja nikuonyeshe."

Akamshika Kidoti kifundo cha mkono, akaweka stetoskopu nyuma ya sikio. Akasikiliza. Akahamisha vidole. Akachukua stetoskopu nyingine. Uso ukamshuka.

"Kuna nini?" dada mtu akauliza. "Usinifiche, daktari. Sifichwi mimi."

Daktari alimvalisha ile stetoskopu, akamwekea vidole kwenye mkono wa mdogo wake.

Mkononi, mapigo ya polepole. Sikioni, mbio. Mbio kama za kifaranga kilichoshikwa kiganjani.

Dada mtu aliyajua. Asubuhi ile ya mwisho, yeye ndiye aliyelaza sikio kwenye kifua cha Kifungo mpaka yakakatika.

Kidoti alikuwa anamtazama. Anatabasamu.

"Umemsikia, eh?"

"Sijasikia kitu. Ni damu."

Maisha yake yote alijivunia kusema kweli. Hapo alidanganya, tena bila kupepesa.

Kidoti alikataa kupasuliwa. Wiki zikapita. Pembe ya mdomo ikaanza kulegea, chai ikawa inamchuruzika kidevuni, na dada mtu anamfuta kwa kitambaa huku akifoka.

"Nimezika mmoja! Wa pili simziki. Unasikia? Simziki!"

Kisha akalia. Kidoti hakuwahi kumwona akilia. Kesho yake akakubali.

"Lakini wakimtoa, wewe ndiye umbebe, Dada."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Pale hospitalini, kinachotolewa mwilini hupelekwa maabara na ndugu wa mgonjwa. Muuguzi akamkabidhi dada mtu kichupa.

"Jengo la nyuma, mama. Usikitikise."

Katikati ya ua, jua linawaka, kiganja chake kikahisi kitu. Du-du. Du-du. Akajiambia ni mshipa wa mkono wake mwenyewe. Akakiweka kichupa juu ya ukuta mfupi, akarudi nyuma.

Dawa ya kuhifadhia ilikuwa inacheza. Viduara vidogo, kimoja baada ya kingine. Upepo haukuwepo.

Angeweza kukichukua akaondoka. Akakizike pale walipomlaza Kifungo. Lakini bila kipimo nani angejua kama kuna kingine kimebaki, kinachomla mdogo wake? Akakikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Akatembea polepole, akikibembeleza. Mapigo yakapungua. Yakatulia.

"Lete, mama," mtu wa maabara alisema dirishani. "Tunakata vipande vyembamba tu, tujue ni aina gani."

Vidole vilikataa kuachia. Akaviachisha.

Aliporudi wodini, Kidoti alikuwa macho, kichwa kimefungwa bandeji, machozi yanatiririka kimyakimya.

"Kimya humu ndani, Dada. Kimya kabisa." Akagusa bandeji. "Alilia ulipompa?"

"Hakulia. Alikuwa amelala."

Kidoti akafumba macho. Muuguzi akamvuta dada mtu pembeni, gauni la wodi mkononi.

"Mama, mdogo wako ananyonyesha? Mbona hamkutuambia?"

"Hana mtoto."

"Hili la pili namvua. Maziwa yameanza sasa hivi tu, ulipokuwa maabara."

Kwenye kifua cha gauni kulikuwa na mabaka mawili ya maziwa. Dada mtu aliyagusa.

Yalikuwa bado na joto.