Keki ya Saa Nne

"Toka! Nimesema toka dukani kwangu!"

Mwoka mikate alibaki ameduwaa, pete mkononi, goti moja chini juu ya vipande vya vitambaa. Mbele yake Bonge, fundi cherehani aliyempenda kufa, alikuwa anatetemeka kuanzia vidole hadi midomo. Jasho lilimtiririka utadhani amekimbizwa na mbwa.

"Bonge, nimekuuliza tu kama utakubali nikuoe."

"Na mimi nimekujibu. Toka!"

"Hii ni mara ya tatu."

"Basi isiwepo ya nne!"

Mwanaume akanyanyuka, akapangusa nyuzi gotini, akatoka bila hata kufunga mlango. Bonge akavuta droo ya cherehani, akatoa chupa ya soda, akaigugumia yote amesimama. Dakika kumi baadaye mikono ikatulia na akili ikamrudia. Ndipo akaanza kulia.

Kabla hujamlaumu, ngoja nikueleze. Jina la Bonge alilipata kihalali. Mwaka mmoja nyuma alikuwa na kilo mia na thelathini, na magoti yalikuwa yamegoma kabisa kukanyaga cherehani. Akaenda kufanyiwa upasuaji, tumbo lake la chakula likapunguzwa likabaki dogo kama ndizi moja. Mtaani akarudi na uongo mmoja mzuri: "Natembea asubuhi tu, shoga yangu." Wateja wawili wakauamini. Mpaka leo wanaamka alfajiri kutembea, hawajapungua hata robo kilo, na lawama zote wanawatupia viatu.

Kisha, miezi mitano iliyopita, mwoka mikate akahamia duka la jirani. Kutongoza kwa maneno hakujua. Alitongoza kwa oveni. Kila siku saa nne asubuhi, keki zake za kwanza zikitoka, alimletea Bonge moja ya moto, imemwagiwa sukari mpaka inang'aa. Halafu alirudi kuoka mikate ya mchana, na ilipotoka, saa sita kasorobo, ndipo alipopata nafasi ya kuja kuzungumza mambo mazito.

Kuikataa keki kulidai maelezo, na maelezo Bonge hakuwa nayo ya kutoa. Siku moja mteja alisema mbele yao kwamba wanaokatwa tumbo ni wavivu wa kujinyima, wateja wengine wakacheka, na mwoka mikate naye akacheka. Kicheko kile kilimchoma. Tangu hapo aliapa mwanaume huyu hatajua kamwe.

Simu ikaita. Dada yake, mtu pekee aliyeijua siri.

"Dada, nimemfukuza tena."

"Ulikula nini?"

"Nakuambia habari za mume, wewe unaniuliza chakula!"

"Ulikula nini, na saa ngapi?"

"Keki yake. Saa nne."

"Na karibu saa sita ukatetemeka, jasho likakutoka, ukawa mkali, ukasikia njaa ya kumla mtu."

"Umejuaje?"

"Si tulikaa wote kwa mtaalamu wa lishe? Mimi nilisikiliza, wewe ulikuwa unakagua mshono wa mapazia yake! Alisema sukari ikiingia kwa kasi kwenye hilo tumbo lako dogo, mwili unaishusha kupita kiasi. Saa moja, mbili baadaye, unaishiwa nguvu. Sasa baada ya kumfukuza umekunywa nini?"

Bonge akaitazama chupa.

"Soda."

"Nusu?"

"Yote."

"Mungu wangu! Imepanda tena hiyo, na itashuka tena. Chemsha yai ule sasa hivi. Halafu umwambie huyo mwanaume ukweli."

"Atanicheka."

"Bora akucheke kuliko akuzike."

Bonge akabandika yai jikoni nyuma ya duka. Halijachemka, akaingia bibi harusi mtarajiwa kujaribu gauni, zipu ikagoma, maneno yakawa mengi, na yai likasahaulika. Saa saba na nusu ujumbe ukaingia kwenye simu:

"Nimekuelewa Bonge. Kila nikitaja ndoa unatetemeka. Sitaki mke anayeniogopa. Kuna mji mwingine walikuwa wananihitaji siku nyingi, leo nimewakubalia. Kesho asubuhi naondoka. Nakutakia kila la heri."

Aliusoma mara mbili. Akamwacha bibi harusi na zipu yake, akatoka na sindano bado zimemchomeka kifuani kwenye blauzi.

Duka la mikate lilikuwa limejaa. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mwalimu wa chekechea, mmoja wa wale watembeaji wa alfajiri.

"Usiondoke!" Bonge akasema akiwa bado mlangoni.

Mwoka mikate hakuinua macho. "Umeshanifukuza mara tatu. Unataka nini tena?"

"Nitazame."

"Nina wateja."

"Nitazame mikono yangu, wewe mwanaume!"

Akatazama. Vidole vya Bonge vilikuwa vinacheza vyenyewe, na paji la uso limelowa.

"Umetaja ndoa?" Bonge akamuuliza.

"Sijataja kitu."

"Na ninatetemeka?"

"Unatetemeka."

"Basi si wewe. Ni keki."

Bonge akashika ukingo wa meza, akayatoa yote palepale kabla hajaishiwa ujasiri: upasuaji, tumbo, sukari inayopanda na kuporomoka, soda ya droo.

"Kwa hiyo hutembei?" mwalimu wa chekechea akauliza kwa uchungu.

"Nisamehe mwalimu. Natembea kutoka kwangu hadi hapa."

"Miezi mitatu naamka saa kumi na moja!"

Mwoka mikate alikuwa ameshazunguka meza, amemkalisha juu ya gunia la unga.

"Nikupe nini? Sema haraka."

"Juisi. Nusu glasi, usizidishe. Nikitulia kidogo, yai."

"Kupima ndiyo kazi yangu," akasema, akaimimina kwenye kikombe chake cha vipimo, macho kwenye mstari. Na mayai alikuwa nayo trei nane. Akamchemshia mwenyewe, akammenyea, akamtazama anavyotafuna polepole.

"Kwa hiyo miezi mitano," akasema kwa sauti ya chini, "nakuumiza, halafu narudi saa sita kukuuliza kama unanipenda."

"Hukujua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulicheka. Siku ile mteja aliposema sisi ni wavivu."

Mwanaume akafumba macho. Aliikumbuka siku ile vizuri.

"Nilicheka kwa kuwa wenzangu walicheka. Ulikuwa ujinga, na ninauonea aibu. Nisamehe, Bonge. Mtu anayelala kwenye meza ya upasuaji ili apate kusimama tena si mvivu."

Bonge akameza kipande cha mwisho cha yai. Akamshika mkono wenye unga.

"Nifundishe basi," mwanaume akasema. "Unakula vipi?"

"Kidogo kidogo, kila baada ya saa tatu. Yai, nyama au maharage kwanza. Mkate mwisho, kipande tu, usio na sukari. Maji siyo pamoja na chakula. Na njaa ikinijia ghafla na kijasho, nisiifuate na kitu kitamu kama kipofu."

Mwanaume alikuwa anaandika kila neno kwa kidole juu ya unga uliotapakaa mezani.

"Ukishakula yai, akili inakaa sawa baada ya muda gani?"

"Nipe nusu saa."

"Nakupa."

Akavuta kiti, akakaa mbele yake, akatazama saa ya ukutani. Wateja nao hawakuondoka. Nani angeondoka? Hata bibi harusi alikuja kuchungulia, gauni limemshuka begani.

Nusu saa ikatimia.

"Mikono?"

Bonge akainyoosha. Imetulia tuli.

"Jasho?"

"Hakuna."

"Hasira?"

"Kidogo. Unachelewa kuuliza."

Mwoka mikate akaitoa pete mfukoni. Safari hii aliyetetemeka alikuwa yeye.

"Utakubali nikuoe?"

"Nakubali. Na huo mji wako uwaambie watafute mwokaji mwingine."

Duka likalipuka kwa vigelegele. Mwalimu wa chekechea, aliyekuwa bado amenuna, alipiga kuliko wote, kisha ghafla akanusa hewa.

"Jamani, mikate inaungua!"

"Acha iungue!" akajibu mwanaume ambaye hajawahi kuunguza hata mmoja, na akamkumbatia mchumba wake, sindano za blauzi zikamchoma, na hakumwachia.