Nassibu Ajifunza Kupiga Randa

Abasi alikuwa seremala katika karakana ya ushirika mjini Tabora. Kutwa alipiga randa mbao za mninga mpaka mabega yakamuuma. Jirani yake, Nassibu, aliajiriwa hapo hapo, lakini kazi yake ilikuwa kuchezea timu ya mpira ya karakana. Asubuhi alitia sahihi kwenye daftari la mahudhurio, kisha akaenda zake uwanjani. Mshahara wake ulizidi wa Abasi, na baiskeli ya karakana alipewa yeye.

Jambo hilo lilimkera Abasi. Watu wakimshangilia Nassibu sokoni, yeye aligeuza uso. Nyumbani hata ugali haukumshuka. Mkewe, Tatu, alimsihi aache kumhesabia mwenzake mshahara. Hakusikia.

Siku moja timu ilikwenda kucheza mjini Kaliua. Nassibu akaumia goti vibaya. Abasi alipopata habari alifurahi moyoni. Kisha akaona haya, asimwambie mtu.

Nassibu alitibiwa, lakini mpira ukawa basi. Baiskeli akapewa mchezaji mwingine. Yeye akapangiwa kufagia vumbi la mbao, maana hata msumeno hakujua kuushika.

Jioni moja, katika darasa la kisomo cha watu wazima, Abasi alimlalamikia mwalimu Bertila kwamba Nassibu alilipwa bure miaka yote.

"Wewe una miaka mingapi kazini?" Bertila aliuliza.

"Kumi na minane, mwalimu. Na nitaendelea mpaka nizeeke."

"Yeye alipata sita tu. Kumlipa zaidi kuliko fundi, hata mimi sikubali. Lakini kosa kubwa ni kumlipa bila kumfundisha kazi. Mchezaji ajifunze ufundi angali anacheza. Wewe ufundi unao, Abasi. Mfundishe."

Abasi aliondoka amenuna. Wiki nzima hakufanya kitu. Kisha akamwona Nassibu akizoa maranda ya mbao huku akiburuta mguu. Akamwita.

"Shika randa. Usisukume kwa mikono peke yake. Tumia mwili."

Kwenye mkutano wa karakana Abasi alisimama, akaomba kila mchezaji afanye kazi ya ufundi nusu siku kabla ya mazoezi. Wenzake wakakubali.

Mwaka uliofuata Nassibu alimaliza kiti chake cha kwanza. Wateja wakakisifu sana. Wivu ukamrudia Abasi. Akakiinua kiti na kukipindua, akatafuta mwanya kwenye maungio. Hakuuona.

"Nani amekufundisha?" mteja alimwuliza Nassibu.

"Kaka Abasi, huyu hapa."

Abasi akakishusha kiti polepole.

"Kesho tunaanza meza," alisema.