Kanga za Bi Somoe na Wanga wa Mama Gasper

Chini ya kitanda cha Stamili kulikuwa na sanduku la mbao. Ndani yake mlikuwa na kanga tatu za marehemu mama yake, Bi Somoe. Kila alipomaliza kazi za asubuhi, Stamili alifungua sanduku, akanusa kanga moja, akafunga. Zilinukia moshi wa kuni na korosho za kuchoma. Zilinukia mama. Kwa hiyo hakuwahi kuzifua tangu msiba, na msiba ulikuwa umetimiza miaka miwili.

Mume wake, Abdulkadiri, alikuwa mkulima wa korosho hapo Mkunya. Hakumkataza. Alisema tu, "Mama Salima, sanduku nalo litachoka."

Mwaka ule binti yao Salima, aliyeolewa Makote, alipata mimba ya kwanza. Stamili akaamua kumshonea mjukuu blanketi la viraka kwa kanga zile.

"Mama alitamani sana kumpakata kitukuu," alisema. "Hakujaliwa. Basi kitukuu alale ndani ya nguo zake."

Majirani walimshangaa. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Zamani nguo zilipangiwa foleni. Bi Somoe mwenyewe aliwahi kusimama nje ya duka la ushirika Newala tangu alfajiri, apate doti moja. Sasa mnadani mitumba ilimwagwa chini kama mihogo.

"Nunua blanketi, upumzike," majirani walimwambia.

"Mnadani wanauza kila kitu," alijibu Stamili. "Mama yangu hawamuuzi."

Akachukua mkasi. Alianza na kanga aliyoipenda mama yake kuliko zote, yenye maneno NILIPO NIPO NAWE. Lakini ilikuwa imezeeka na kulainika mno. Iliteleza, ikajikunja, mkasi ukaenda upande. Ulipita katikati ya neno la kwanza. NILIPO likawa vipande viwili vya upogo, visivyofaa kitu.

Stamili aliketi sakafuni akalia. Nguo nyingine mtu hununua. Hizi zikiharibika, ndiyo basi.

Alasiri alikwenda na kanga ile kwa Oliva, fundi wa cherehani, ambaye wote walimwita Mama Gasper. Alikuwa mama mtu mzima, aliyejifunzia kushona misheni ya Lulindi. Mama Gasper aliishika kanga, akaivuta huku na huku.

"Imelegea," alisema. "Kanga za mama yako zinataka wanga."

Stamili alisimama ghafla. Kijijini pale, wanga walikuwa watu waendao uchi usiku kuloga wenzao. Na Bi Somoe, kwa kuwa aliishi miaka mingi na macho yake yakabaki mazuri, aliwahi kusingiziwa hivyo. Midomo ya watu haina likizo.

"Hata wewe, Mama Gasper? Mama yuko kaburini, bado mnamwita mwanga?"

Akachukua kanga yake, akaondoka bila kuaga. Mama Gasper alipokuja kuelewa, alicheka, kisha akamhurumia.

Kesho yake asubuhi alibisha hodi kwa Stamili, na bakuli mkononi.

"Shikamoo," alisema Stamili kwa sauti kavu. Hasira ni hasira, lakini mkubwa huamkiwa.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na wanga wangu. Utazame."

Stamili alichungulia. Ndani mlikuwa na ungaunga mweupe.

"Huu ni unga."

"Si unga. Ni ule weupe unaotuama chini ukikamua muhogo. Shuleni wanauita wanga. Kanga mpya inavyotoka dukani imekakamaa, ni huu umetiwa."

"Si dondo hiyo?"

"Ndiyo hiyo hiyo!"

"Sasa si ungesema dondo! Mimi nimekusema tangu jana."

"Ndiyo maana nilipaliwa na maji," alisema Mama Gasper. Wakacheka mpaka machozi.

"Sasa tuanze kazi," alisema Mama Gasper. "Kwanza, kanga zifuliwe."

Kicheko cha Stamili kilikatika. "Hapana. Nikifua, mama ataondoka."

"Dondo juu ya jasho na moshi huota ukungu. Na pasi hugandisha uchafu. Mtoto mchanga utamlaza humo?"

Stamili alizivuta kanga kifuani.

"Niambie kweli, mwanangu. Ile harufu, unaisikia kama mwaka wa kwanza?"

Stamili aliinusa kanga. Alijua jibu siku nyingi, ila hakutaka kulisema. Alichosikia sasa kilikuwa zaidi mbao za sanduku.

"Imepungua," alisema. "Namtamani mama yangu, Mama Gasper. Namtamani kila siku."

"Najua. Mtamani. Lakini fua."

Maji Mkunya hayachezewi; huchotwa bondeni. Stamili alichota ndoo mbili, akafua mwenyewe. Maji yalitoka na rangi ya moshi. Aliyatazama kitambo kabla ya kuyamwaga.

Kanga zilipokuwa zinakauka, Mama Gasper alimfundisha kutengeneza wanga. Walimenya mihogo mibichi, wakaiosha, wakaikuna kwa bati lililotobolewa misumari. Wakaikamua ndani ya maji safi kwa kitambaa, wakaacha yatuame.

"Mwaga maji ya juu taratibu, mbali na mbuzi na kuku," alisema Mama Gasper. "Yana sumu ya muhogo. Huo weupe uliobaki uanike ukauke."

Kisha akachukua wanga wa bakulini, uliokwisha kauka. Kijiko kimoja cha chakula alikikoroga kwa maji baridi kidogo. Akamimina kwenye maji vikombe viwili yanayochemka, huku akikoroga, mpaka ukawa uji mwepesi unaopitisha mwanga. Akauchuja, akauacha upoe.

Abdulkadiri, aliyependa kusaidia, alileta bomba lake la kupulizia mikorosho.

"Hili linanyunyiza vizuri," alisema.

"Baba Salima!" Mama Gasper alimzuia. "Lina dawa hilo! Halisafishiki hata ukilikosha mara mia. Tuletee chupa safi ya maji."

Walitoboa kifuniko cha chupa kwa sindano ya moto, wakatia dondo ndani. Stamili akainyunyizia kanga, akaacha dondo iingie, akapiga pasi ya mkaa upande wa nyuma. Kanga ilinyooka, ikakakamaa kama karatasi. Mkasi ulipita umenyooka, na maneno NIPO NAWE yakatoka mazima.

"Dondo iliyobaki usiiweke. Baada ya siku mbili inachacha," alisema Mama Gasper. "Na ukimaliza kushona, fua tena. Mende na panya wanapenda wanga, na mtoto hahitaji nguo ngumu."

Salima alijifungua msichana. Wakamwita Somoe. Stamili alikwenda Makote na blanketi, viraka vyake vimenyooka vyote.

Salima alilikunjua. "Mama, kanga ya bibi si ilisema NILIPO NIPO NAWE? Mbona neno moja halipo?"

"Nililiharibu kwa mkasi, kabla sijajua kuitia dondo." Stamili alimfunika mtoto. Aliinama akanusa blanketi. Lilinukia sabuni na maziwa. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Na kweli, mwanangu, bibi yako alipo sisi hatupajui," alisema. "Hayo yaliyobaki yanatutosha."