Bwana Fainali wa Elieth

Kila asubuhi, wakishafagia uwanja wa shule yao pale Cheyo, mjini Tabora, Majidi alimwuliza Elieth swali lilelile: neno umelitafuta? Naye Elieth, bila hata kuacha mchezo wa rede, alijibu kwamba kazi hiyo imekwisha zamani.

Majidi ndiye kiongozi wa kundi lao la darasa la sita. Kila kundi lilipewa neno la Kiingereza lieleze maana na asili yake. Litakaloshinda lingesimama mbele ya wazazi Jumamosi. Wao walipata kivumishi "final".

Siku ya majaribio Elieth alisimama, kifua mbele. Alisema maana yake ni "ya mwisho kabisa". Hapo sawa. Kisha akaeleza kwamba wapagazi wa misafara ya pwani walimalizia safari na kutua mizigo hapa Tabora kwa tajiri mmoja, Bwana Fainali, ndipo Wazungu wakalichukua jina lake.

Darasa likapiga makofi. Majidi akajishika kichwa. Hapa Tabora, mtu akishindwa kueleza jambo husingizia misafara, hata mafua!

Mwalimu Gaudensia alivua miwani.

"Nyumba ya tajiri huyo iko mtaa gani?"

"Ilibomoka, mwalimu."

"Na kaburi lake?"

"Nalo... lilibomoka."

Watu walicheka mpaka madawati yakalia. Mwalimu hakucheka. Aliwapa mpaka kesho, la sivyo hawasimami.

Majidi alimkokota Elieth hadi maktaba, akinung'unika njia nzima.

"Si ungesema tu hujui, tukatafute wote?"

Elieth alikiri kwamba aliona aibu, maana darasa zima humwita Profesa. Kamusi ikawapa jibu: neno lilitoka kwenye Kilatini, "finis", yaani mwisho au mpaka, likapitia Kifaransa ndipo likaingia Kiingereza. Mpagazi hakuwamo hata mmoja.

Kesho yake Elieth mwenyewe aliliambia darasa kwamba Bwana Fainali hakuwahi kuzaliwa, alimtunga yeye. Akaeleza asili ya kweli. Shaban akanyoosha mkono: je, hao Walatini nao walilitoa wapi?

Elieth akafungua mdomo. Majidi akafumba macho.

"Sijui," Elieth akasema. "Nitatafuta."

"Mmesikia?" Mwalimu Gaudensia akasema. "Kasema hajui, na bado yu hai. Asiyejua tutamfundisha, anayetunga anatupotosha sote. Jumamosi mtasimama ninyi."