Mashine ya Arobaini

Siku ya soko pale Quibdó, mji ulio kando ya mto Atrato, mwanamume mrefu mwenye shati la njano lililolowa jasho aliingia duka alilouzia Nelsa Mosquera kuulizia mashine ya boti yenye nguvu za farasi kumi na tano.

"Boti yako ina urefu gani?" Nelsa aliuliza.

"Mita kumi. Abiria kumi na wawili, na ndizi."

"Unapanda mto na mzigo huo?"

"Ndizi hazipandi zenyewe, mrembo."

Nelsa alijizuia kucheka. "Basi chukua arobaini."

"Petroli ghali. Nataka inayokunywa kidogo."

"Kumi na tano utaifungulia mpaka mwisho kutwa nzima, na ndipo itakapokunywa. Arobaini utaiendesha nusu tu, imetulia."

Aliitwa Arcesio. Hakununua kitu, ila aliondoka na namba ya simu. Kwa miezi mitatu alipiga kila asubuhi kabla hajang'oa nanga, na Nelsa akaanza kuvaa hereni zake kubwa hata siku za kazi.

Kisha ikaja simu isiyo na utani.

"Nelsa, ni kweli unapata kamisheni kwa kila mashine?"

"Ndiyo."

"Na ikiwa kubwa, unapata zaidi?"

"Zaidi, ndiyo."

"Kumbe mimi ni mteja."

"Arcesio, nisikilize."

Alikuwa ameshakata. Wiki hiyo alinunua ile ya kumi na tano kwa mtu mwingine. Nelsa aliifuta namba yake kwa hasira, ingawa aliijua kwa moyo.

Mvua zikashuka, mto Atrato ukafura. Jumanne moja, saa nne asubuhi, namba ile ikaita.

"Niko mtoni, chini kidogo ya kijiji cha Tanguí," Arcesio alisema. Nyuma yake mashine ilipiga kelele na mtoto alikuwa akilia. "Saa nzima natazama mti uleule. Nimebakiza lita tatu."

Nelsa alisimama. "Toka katikati ya mto. Jibane ukingoni, mkondo huko ni dhaifu."

"Kuna magogo."

"Nenda polepole. Shika mti wowote ufunge kamba, halafu zima mashine. Usiunguze hizo lita tatu. Nakuja."

"Wewe?"

"Funga kamba, Arcesio."

Alichukua boti ya duka yenye arobaini na madumu mawili ya petroli. Njia nzima simu haikupokelewa. Alipozunguka kona ya mwisho aliiona boti imelala kando ya mti, watu wote kumi na wawili wamo, na Arcesio amezungusha kamba kiunoni, viganja vimechubuka, vinatoka damu.

Walifunga mashine ya Nelsa kwenye boti ya Arcesio, ya duka wakaivuta nyuma. Nelsa alishika usukani, nusu ya nguvu tu, na miti ikaanza kurudi nyuma.

"Ningalikwambia habari ya kamisheni siku ya kwanza," Nelsa alisema hatimaye. "Niliogopa ungeacha kupiga."

"Nami niliogopa ulikuwa unanicheka na wenzako." Arcesio alilitazama tangi. "Hata robo haijaisha."

"Nilikwambia."

"Uliniambia. Jumapili mama yako yupo nyumbani?"

"Yupo. Unamtakia nini?"

"Naleta posa."

Nelsa hakugeuka, kwani mbele kulikuwa na gogo. Alilikwepa kwanza, akanyoosha boti, ndipo akasema, "Njoo mapema. Baada ya misa huwa analala."