Nailoni Chini ya Feni

Ngazi za jengo lile la maduka ya kompyuta ni nyembamba, na wanaopanda na wanaoshuka huzigombania tangu maduka yanapofunguliwa. Siku moja dada mmoja alikuwa anapanda, amekumbatia kompyuta yake ya mezani kifuani, gauni la kijani linamkwama magotini, mtandio umeteleza mpaka begani. Mwanamume aliyekuwa anashuka alikuwa amezama kwenye simu. Wakagongana, na pembe ya kompyuta ikamchoma mwanamume huyo mbavuni.

"We kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Yapo, dada. Ndiyo kwanza yameanza kufanya kazi."

Alitaka kukasirika, akacheka. Laiti angekasirika.

"Lete nikubebee. Inaumwa nini?"

"Kelele. Feni inanguruma utadhani pikipiki. Mimi nasoma vitabu kwa sauti, watu wananisikiliza kwenye simu zao. Sasa wananiuliza kama nasomea gereji."

"Basi umefika. Mimi ndiye fundi."

Na kweli alikuwa fundi, hilo tusimnyime. Meza yake ilikuwa safi kuliko zote za ghorofa ile, bisibisi zimepangwa kwa urefu, shati lake limepigwa pasi mpaka mikono. Ukingoni mwa rafu alikuwa amebandika vipande vya nailoni, safu nzima.

"Haya ni mapambo?" dada akauliza.

"Hiyo ni heshima yangu. Kila feni mpya ya prosesa huja na nailoni chini, pale pa kugusana na prosesa, ubongo wenyewe wa kompyuta. Usipoibandua, joto halipiti, feni inakimbia na kunguruma bure. Mimi nikiibandua naibandika hapa, mteja aione kwa macho yake."

Muuza chaja wa meza ya jirani, mtu asiyeacha mazungumzo ya wenzake yapite hivihivi, akadakia: "Juzi kaja mmoja kafunga feni mwenyewe na nailoni yake! Huyu bwana alimcheka mpaka jamaa akaondoka bila kuaga."

"Ni sawa na kuoga na koti la mvua," Fundi akasema, wakacheka wote watatu.

Dada alinyoosha kidole kwenye feni yenye taa za rangi. "Nataka ile."

"Ile umeipenda sura. Ni ndefu, mfuniko wa kompyuta yako hautafunga." Akachukua rula, akapima kutoka kwenye prosesa hadi usawa wa mfuniko. Kisha akamwonyesha memori zilizosimama kando. "Na hizi memori zako ndefu. Ukiweka mnara mnene wa kupoozea, utazilalia. Unahitaji mnara mwembamba wenye feni pana. Feni pana haina haja ya kukimbia, inazunguka polepole, na inayozunguka polepole haipigi kelele."

Akamletea mnara wa kijivu usio na urembo wowote.

"Mbaya hivi?"

"Mimi je, mzuri?"

"Wewe bado nakupima."

Fundi akamwambia kwamba vyuma vya kuushikia mnara kwenye mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta yake, havikuwepo dukani, angevipata kesho na kwenda kumfungia nyumbani. Vyuma vilikuwemo ndani ya droo, chini ya kiwiko chake.

Kesho yake akaenda. Dada aliishi na mama yake katika vyumba viwili vyenye mapazia mazito ya kuzuia sauti za barabarani. Mama alikuwa mwembamba, amejifunga kitambaa shingoni, na sauti yake ilikuwa imebaki mnong'ono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama koo linamsumbua," dada akasema haraka, kwa kuwa mama hakupenda ugonjwa wake uzungumzwe mbele ya wageni. "Kompyuta ikinyamaza nataka nimrekodi. Ana mambo mengi ya kusimulia."

Fundi alifikiri ni mafua. Hakuuliza.

Akang'oa feni ya zamani, akafuta pesti ya kupitisha joto iliyokauka, akaweka mpya kidogo tu kama punje ya dengu. Dada aliinama kummulikia tochi, na harufu ya mafuta ya nywele zake ikamfanya fundi asahau bisibisi imewekwa wapi.

"Skrubu usikaze moja mpaka mwisho," alimfundisha. "Kaza hii kidogo, kisha ile ya pembe ya pili. Zunguka hivyo hivyo mpaka zishike zote."

"Mbona unanifundisha? Nikijua nitakuitia nini?"

Alisema kwa utani, akaenda kumletea maji. Fundi akabaki na mnara mkononi, ukucha umeshaingia chini ya nailoni. Neno lile likamganda. Akiifunga sawasawa leo, kesho atakuja kufanya nini hapa? Angeweza kumwomba tu namba ya simu, kama wanaume wengine. Lakini fundi huyu alizoea kuitwa, hakuzoea kuomba. Akatoa ukucha, akaushusha mnara na nailoni yake, akakaza skrubu kwa ustadi ule ule wa kila siku.

Kompyuta ikawaka kimya. Dada akapiga makofi.

"Fundi, una mikono ya dawa!"

Haikupita siku nyingi, simu ikalia.

"Fundi, imeanza tena. Nikirekodi kidogo inapandisha mzuka."

"Sauti wangu, usiiguse. Nakuja."

"Nani kakwambia mimi ni wako?"

"Hiyo feni. Ndiyo inayoniita."

Akaja, akabonyezabonyeza mipangilio, kompyuta ikapoa kwa sababu ilikuwa imezimwa, akala, akachekesha, akaondoka. Akaitwa tena. Safari ile alimletea bisibisi yenye mpini mwekundu, akamwambia hiyo ni yake peke yake, na kwenye ngazi wakabusiana mpaka jirani akakohoa. Alimtengenezea mama redio yake. Mama akamwita mwanangu mbele ya wageni wengine. Kila akiondoka fundi alijiambia kwamba safari ijayo ataibandua ile nailoni. Na kila safari akaona ngoja kwanza, mapenzi yanakwenda vizuri.

Muuza chaja naye akaleta ushauri wake. "Ndugu yangu, unamharibu. Akipiga tu unakimbia! Mara moja moja mwache aite mpaka achoke. Mwanamke akikukosa ndipo anajua thamani yako."

"Unafikiri?"

"Jaribu uone."

Siku aliyojaribu ndiyo siku hospitali ilipopiga simu kwa dada, saa za mchana. Kitanda cha mama kimepatikana mapema, aje kesho asubuhi. Uvimbe wa kooni ungetolewa, na sauti ingetoka nao. Daktari alikwishawaambia hivyo zamani, wao wakadhani bado wana muda.

Dada alimketisha mama mbele ya maikrofoni, mdomo karibu kuigusa. Simu alishaijaribu kurekodia, haikunasa chochote ila mkwaruzo, mnong'ono ule ulihitaji maikrofoni nzuri. Mama akaanza. Kompyuta nayo ikaanza. Feni ilipanda, ikapanda tena, ikajaa chumba kizima.

"Mama, endelea, usisimame. Namwita fundi." Akatoka nje kwenye korido ili asikike.

Fundi aliona jina la Sauti kwenye kioo. Muuza chaja akainua kidole na kutikisa kichwa. Fundi akatabasamu, akailaza simu kifudifudi juu ya meza yake safi. Ikatetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Jamaa wawili wakacheka.

"Kaiva," muuza chaja akasema.

Kule koridoni dada alipiga mpaka kidole kikauma. Ndani mama hakusimama, maana aliambiwa asisimame. Dada aliporudi alimkuta amefumba macho, jasho limemlowesha kitambaa.

"Umesema nini, mama?"

Mama akaelekeza kidole kwenye kompyuta. Pumzi za kurudia hazikuwepo tena. Asubuhi wakaenda hospitali.

Mama akiwa bado wodini, dada alirudi nyumbani, akavaa spika za masikioni, akasikiliza. Alisikia ngurumo. Chini yake, mbali, kulikuwa na kitu kinachoweza kuwa mama.

Akachukua bisibisi ya mpini mwekundu. Alilegeza skrubu moja kidogo, kisha ile ya pembe ya pili, kama alivyofundishwa, akauinua mnara. Nailoni ilikuwepo, imejikunja kwa joto na kuwa nyeupe, pesti imeiganda, na kwenye ncha yake ya kuvutia maandishi mekundu ya kuonya ibanduliwe kabla ya kufunga. Dada akakaa sakafuni. Angekuwa fundi mwingine, dada angesema kasahau. Lakini aliikumbuka ile safu ukingoni mwa rafu, na koti la mvua, na alivyocheka yeye mwenyewe. Akaibandua, akafuta, akaweka pesti mpya, akafunga. Kompyuta ikanyamaza kabisa, naye akalia kwa sauti.

Fundi alikuwa amempigia mara nyingi bila kupokelewa, na alianza kuamini muuza chaja ni mjinga. Mama aliporudi nyumbani, dada akapokea.

"Sauti wangu! Samahani, mpenzi, siku ile kazi zilinizidi."

"Njoo. Ile feni bado."

Alikuja na shati jipya na pete mfukoni. Njiani aliamua kwamba leo nailoni inatoka, aanze ndoa na roho safi. Aliona bandeji shingoni mwa mama, akamwamkia. Mama akainua mkono tu.

"Fungua kwanza kompyuta," dada akasema.

Akaufungua mnara, akawageuzia mgongo, akapitisha ukucha chini yake. Akapitisha tena. Mgongo wa shati jipya ukaanza kulowa.

"Aa, nimeona," akasema bila kugeuka. "Skrubu moja ililegea. Nikimaliza haitanguruma tena."

Alipogeuka, mama alikuwa amefungua kiganja. Nailoni ilikuwa humo.

"Ulisahau?" dada akauliza.

Fundi aliitazama ile nailoni, akaweka bisibisi chini.

"Nilitaka niwe na sababu ya kurudi," akasema.

"Sababu nilikuwa mimi, we mwanamume! Mimi nilikuwa natosha!"

"Nisamehe. Mama, tafadhali, niombee kwake."

"Mama hakuombei. Mama hana sauti tena, wameitoa. Siku ile nakupigia alikuwa ndani anasema maneno yake ya mwisho, na mimi niko nje nakuita wewe. Sikusikia hata moja. Nimempa kalamu ayaandike, anaisukuma."

Fundi alitoa pete kwa sababu hakujua mikono aifanyie nini. Dada akaitazama.

"Ungeileta kabla ya siku ile, ningekubali hujamaliza kuuliza." Akamtilia kiganjani flashi. "Mama yumo humu, chini ya feni yako. Wewe si fundi? Mtoe. Ukiyapata maneno yake nipigie, nitapokea."

Akaenda nayo. Meza ile safi ikajaa vumbi. Alitafuta kila programu ya kusafisha sauti, lakini kila alipoipunguza ngurumo mama naye alipungua, na alipomrudisha mama ngurumo ilirudi naye. Wateja wakahamia kwa wengine. Muuza chaja akitania, hajibiwi. Hatimaye, mchana mmoja, kipande kifupi kikajitokeza, hafifu lakini kizima. Fundi akakisikiliza, akalaza kichwa mezani, akalia mbele ya watu.

Kisha akapiga simu. Dada alikuwa mbele ya maikrofoni anasoma kitabu, mama kando yake anakunja nguo. Akapokea kama alivyoahidi, akaweka spika.

"Nimeyapata," fundi akasema. "Anasema: huyu fundi ana moyo mzuri, mwanangu. Akikuomba, mkubali. Nitalala nikijua hutabaki peke yako."

Dada akamgeukia mama. Macho yake yalikuwa yanaomba, na mama aliona kabisa yanaomba aitikie.

"Mama, ndivyo ulivyosema?"

Ndivyo alivyosema, neno kwa neno. Mama aliitazama simu. Akapeleka vidole kwenye bandeji, akavishusha. Akatikisa kichwa: hapana.

"Mama anasema siyo," dada akasema. "Kwaheri, Fundi."

Akailaza simu kifudifudi, akarudi kwenye kitabu. Kompyuta ilikuwa kimya kabisa, kwa hiyo kilio chake chote kiliingia kwenye maikrofoni, ikabidi aanze ukurasa upya.