Mashine Iliyomwita Mteja

Mpwa wake wa kike ndiye aliyemkuta. Alhamisi adhuhuri alifungua mlango kwa funguo za akiba, mkononi ana mfuko wa machungwa, akaona taa ya bafuni inawaka mchana kweupe. Mjomba wake alikuwa sakafuni, ubavu mmoja chini, mkono ameunyoosha kuelekea mlangoni. Alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, mgane, mtu wa maneno makali na shati lililopigwa pasi. Machungwa yalibiringika mpaka chini ya kitanda na hakuna aliyeyaokota.

"Nyonga imevunjika," daktari wa polisi alimwambia Inspekta. "Alianguka Jumatano asubuhi. Roho imemtoka usiku."

"Ina maana mchana kutwa alikuwa hai?"

"Hai, na akili zake timamu. Angepatikana mchana ule, leo angekuwa wodini analalamikia chakula."

Inspekta alivaa glavu. Alikuwa mwanamke wa makamo, asiyependa lifti wala watu wanaotanguliza "kwa kweli" kabla ya kusema uongo. Alizunguka chumba polepole. Kwenye meza kando ya kitanda kulikuwa na vumbi jepesi, na katikati ya vumbi mraba mmoja safi, mdogo kama sahani ya kikombe. Waya ulining'inia bila kitu.

Pale ndipo kilipokaa kifaa cha kampuni ya salamu. Kazi ya kampuni hiyo ilikuwa moja: kila asubuhi kifaa kilimwamkia mtu anayeishi peke yake, kwa jina alilolichagua mwenyewe, na kikarudia salamu mpaka abonyeze kitufe. Asipobonyeza kwa saa tatu, kengele ililia makao makuu, na mtu akapiga simu au akatumwa. Kwa Mwalimu kengele haikulia, Jumatano wala Alhamisi.

Ijumaa meneja wa kampuni aliwakabidhi polisi mkosaji: fundi wake wa programu, kijana mpole aliyeiandika programu yote peke yake. Uzembe uliosababisha kifo. Mkuu wa kituo alifurahi. Jumatatu asubuhi Fundi angepandishwa kizimbani, na kwa kosa lile hakuna aliyetarajia kumwona mtaani hivi karibuni.

Ila mraba ule usio na vumbi ulimkera Inspekta. Jumamosi alianza na mpwa, pale pale chumbani kwa marehemu.

"Kifaa kilikuwa wapi ulipoingia?"

"Sijui, mama. Hakikuwepo."

"Chumba hiki ni chako sasa, si ndiyo? Mjomba hakuwa na mtoto."

"Unataka kusema nini?" Macho ya mpwa yalijaa machozi. "Mimi ndiye niliyekuwa nakuja. Wengine walikuwa wanatuma salamu tu."

Inspekta aliandika kichwani: anadanganya. Lakini mtu hudanganya kwa sababu nyingi, na mauaji ni mojawapo tu.

Mlango wa pili aligonga kwa jirani, bibi mmoja mwembamba ambaye jengo zima lilimwita Bibi Chiriku kwa jinsi alivyoongea. Naye alikuwa na kifaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Vua viatu, nimepiga deki." Alimkalisha, akakaa, kisha kwa mara ya kwanza pengine tangu azaliwe akakosa pa kuanzia. "Mimi nilimnunia, mwanangu. Ndilo linaloniuma."

"Mligombana?"

"Tugombane nini! Niliinunia dunia nzima. Jumatano asubuhi mashine imeniambia, 'Habari za asubuhi, Mteja.' Mteja! Mimi! Tangu niletewe kinaniita Bibi Chiriku, nilichagua mwenyewe. Nikasema haya, hata mashine imenichoka. Nikabonyeza, nikafungulia redio hadi juu, nikajifunika shuka kutwa. Siku zote nikiamka nagonga ukuta, naye anagonga. Siku ile sikugonga." Alipangusa macho kwa kanga. "Ningegonga asijibu, ningepiga kelele mpaka jengo lianguke."

"Leo kinakuitaje?"

"Bibi Chiriku, tangu jana. Kama vile hakijanitukana."

"Na yeye kilimwitaje?"

Bibi alicheka huku analia. "Bwana Harusi. Ndivyo mkewe alivyomwita mpaka anazikwa. Ukuta wenyewe karatasi huu, kila asubuhi nasikia, 'Habari za asubuhi, Bwana Harusi,' na yeye anajibu, 'Nzuri, mke wangu.'"

Inspekta alisimama. Bibi akamshika mkono.

"Na wewe ukianguka bafuni, nani atajua?"

"Kazini watanitafuta."

"Hata kama ni likizo?"

Inspekta alivaa viatu bila kufungua kamba. Nyumbani kwake kulikuwa na kikombe kimoja juu ya sinki, na simu ambayo haikulia ila kuna maiti.

Meneja alimpokea kwa vinywaji baridi na tabasamu pana. Skrini kubwa ukutani ilionyesha wateja wote, kila mmoja nukta ya kijani.

"Mitambo yetu haijaguswa," alisema. "Lugha ya programu ni toleo la sita, lile lile la siku zote. Tazama mwenyewe pale chini. Kwa kweli, kosa lipo kwenye alichoandika yule kijana."

Inspekta aliisikia ile "kwa kweli" akaiweka akiba.

"Jumatano ilikuwaje?"

"Shwari kabisa! Tulikuwa na wageni wanaotaka kuinunua kampuni. Kutwa nzima hakuna hata mzee mmoja aliyechelewa kubonyeza. Walishangaa." Alimsindikiza hadi mlangoni. "Na kile kifaa cha marehemu ni mali ya kampuni. Mkikipata, naomba kirudi mapema."

Alikuwa ameshaomba hivyo kwa simu Ijumaa, na tena Jumamosi asubuhi. Kuhusu mazishi hakuuliza hata mara moja.

Fundi alikuwa amekaa mahabusu, mgongo ukutani, midomo ikicheza. Inspekta alidhani anasali.

"Naisoma programu," alisema. "Kichwani, mstari kwa mstari. Tangu Ijumaa. Kosa silioni, afande, lakini lazima liko. Mwalimu nilimfungia kifaa kwa mikono yangu. Alinikosoa hesabu."

"Ulikuwa wapi Jumatano?"

"Kwa dada yangu, namuuguza. Kwao kufika ni safari ya siku nzima."

Inspekta alichuchumaa. "Nina swali la kipumbavu. Kwa nini kifaa cha Bibi Chiriku kilimwita Mteja?"

Midomo ya Fundi ilisimama. "Lini?"

"Jumatano. Na Alhamisi."

"Na waliochelewa kubonyeza Jumatano walikuwa wangapi?"

"Meneja anasema hakuna."

"Hakuna?" Fundi alisimama ghafla hata mlinzi akachungulia. "Afande, haijawahi kutokea! Wazee wanachelewa kila siku. Wengine makusudi kabisa, wanakaa wanakitazama kitufe saa tatu nzima, ili wapigiwe simu wasikie sauti ya mtu. Tunawajua kwa majina. Wasichelewe wote siku moja?" Alishika nondo. "Meneja amehamia toleo la saba la ile lugha. Amehamia, halafu akarudi la sita!"

"Nieleze kama unamweleza mtu aliyefeli hesabu."

Fundi alivuta pumzi. "Lugha ile ina mzazi na mtoto. Nimeandika mzazi mmoja, Mteja. Ana jina la jumla, na muda wa kusubiriwa hana, kwa sababu wapo wateja wanaoishi na wenzao, hao hawahitaji kengele. Kisha nimeandika mtoto, Mkaaji Peke Yake. Huyu anarithi kila kitu kwa mzazi, ila jina na muda anakuja na vyake. Bwana Harusi, saa tatu."

"Nimekuelewa."

"Kila alfajiri kompyuta inawazaa wote upya. Katika toleo la sita, mtoto anavaa kwanza, ndipo mzazi anamuuliza: unaitwa nani, usubiriwe kwa muda gani? Walipotengeneza toleo la saba wakageuza utaratibu. Mzazi anauliza kwanza, mtoto bado yuko uchi. Hana cha kujibu. Basi mzazi anaandika vya kwake: jina, Mteja. Muda, hakuna."

"Na kengele?"

"Imsubiri nani? Kwa mashine hakuna aliyechelewa, maana hakuna anayesubiriwa. Hakuna kilichovunjika, afande. Programu haikukohoa hata. Afadhali ingekufa, tungejua."

"Wewe ulilijua hilo?"

"Nililijua, nikamwambia meneja siku naondoka, pale mlangoni, begi begani: usiguse la saba mpaka nirudi nimpange mtoto upya. Akasema sawa. Polisi waliponionyesha toleo la sita, nikaamini kosa ni langu." Sauti yake ilikatika. "Vifaa vyote vimeshaandikwa upya. Bibi wa watu watasema anazeeka. Labda kipatikane kimoja kilichokatwa umeme siku zile. Kikiwashwa bila mtandao, kinarudia sentensi yake ya mwisho."

Inspekta alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Jumapili asubuhi mpwa alifungua mlango akiwa na nguo nyeusi. Safari hii Inspekta hakukaa.

"Sikuja kukukamata, mama. Ila kile kifaa ulikichomoa wewe."

Mpwa alitazama sakafu, kisha akaenda kabatini, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa.

"Kilikuwa kinamsalimia," alisema. "Mjomba yuko chini amekufa, na chenyewe 'Habari za asubuhi, habari za asubuhi.' Nikakichomoa. Kisha nikaogopa mtasema nilikizima ili afe. Ningesemaje?"

Kwa hiyo uongo wake ulikuwa huo, na ndio uliomwokoa mtu. Asingeuficha mzigo ule, polisi wangeukabidhi kwa mwenye mali siku ya kwanza.

Jioni ile walikaa ofisini kwa meneja: Inspekta, mkuu wa kituo aliyeng'olewa mapumzikoni, na Fundi katikati ya askari wawili. Kifaa kiliwekwa mezani.

"Ahsante kwa kukirudisha," meneja alisema, akanyoosha mkono.

"Taratibu. Kwanza tukisikilize." Inspekta alikichomeka kwenye umeme.

Kilikwaruza kidogo. Kisha sauti laini, ya kike, yenye upole wote wa duniani, ikasema: "Habari za asubuhi, Mteja."

Mkuu wa kituo alimgeukia meneja.

"Marehemu alichagua kuitwa Bwana Harusi," Inspekta alisema. "Katika toleo la sita kisingeweza kumwita vingine."

"Kinaweza kuwa na hitilafu. Kifaa kimoja..."

"Basi tupige simu. Bibi Chiriku ni wa kwanza, na ana hasira. Tuwaulize wateja wako wote waliitwaje Jumatano. Watazungumza mpaka asubuhi, hawana mwingine wa kuzungumza naye."

Meneja alitazama ile skrini ya nukta za kijani. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani.

"Wanunuzi walisema hawataki kampuni yenye toleo la zamani," alisema hatimaye. "Nikabadilisha mwenyewe Jumanne jioni. Kila kitu kikawaka kijani. Nikadhani kijana alikuwa anajipa umuhimu."

"Uligundua lini?"

Meneja alianza kupanga karatasi zake mezani.

"Nauliza uligundua lini!"

"Jumatano. Saa saba hivi. Kifaa cha maonyesho kilimwita mgeni Mteja, na nilikuwa nimekiandikia jina lake. Nikakumbuka maneno ya mlangoni." Alilegeza tai. "Wageni walikuwa mezani. Nikasema wakiondoka nitarudisha. Wakakaa mpaka jioni ya siku ya pili. Kurudisha nilirudisha, na alama nikafuta. Sikujua kuna mtu ameanguka."

"Hukutaka kujua," Fundi alisema. Hakupaza sauti. "Jumatano saa saba alikuwa hai. Alikuwa anaisikia ile sauti. Inamwita Mteja, na yeye anaingoja ije kumtoa."

Mkuu wa kituo, mtu wa kufoka kwa kawaida, alivua kofia. Pingu zilihamishwa kutoka mikono ya Fundi kwenda ya meneja.

Jumatatu badala ya kwenda kizimbani Fundi alikwenda mazishini, akasimama nyuma kabisa. Kampuni ilifungwa kwa amri wiki hiyo hiyo. Vifaa vyote vikanyamaza, na Inspekta aliporudi nyumbani alilifikiria hilo kuliko alivyotaka. Alioga, akaosha kikombe chake, akalala.

Asubuhi simu ililia. Alishika kalamu kwa mazoea.

"Maiti iko wapi?"

"Maiti mama yako! Nani amekufa?" Ilikuwa sauti ya Bibi Chiriku. "Namba yako nimempora askari wako mmoja. Umeamka?"

"Nimeamka, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kuanzia leo nakupigia mimi. Usipopokea nakuja, na viatu sivui. Sasa nikuite nani? Inspekta sitaki, hilo jina la kazini."

Inspekta alikaa ukingoni mwa kitanda. Aliyemwita vingine alikuwa mama yake, na mama yake alikuwa amelala kaburini siku nyingi.

"Nyumbani waliniita Kitinda," alisema. "Nilizaliwa wa mwisho."

"Ee, hapo sawa." Bibi alikohoa, akalainisha sauti. "Habari za asubuhi, Kitinda."

Inspekta aliiweka kalamu chini, akaibana simu sikioni. Upande wa pili, Bibi alisubiri.